Ombi la Kurudishiwa Kiza cha Jicho la Kushoto

Bondeni, Mombasa

Kwa Daktari Nanjala, uliyenitibu jicho,

Nakuamkua kwa heshima zote, ingawa nina ugomvi nawe.

Mimi ni yule muuza leso niliyekatwa titi mwaka juzi, nikadhani saratani imefukuzwa, kumbe imehamia ghorofani, jichoni. Tena jicho lenyewe ndilo hilo moja, la kulia lilikufa utotoni. Mkanipiga mionzi siku kumi, mkanipa na vidonge. Uliniambia wazi ugonjwa hautaisha, ila jicho huenda likaokoka. Limeokoka, na hapo ndipo penye malalamiko:

1. Kioo. Miezi yote ile ya kiza nilijiona mwari. Sasa naona ajuza asiye na nyusi.

2. Jirani yangu Afaf ameanika leso mbele ya dirisha langu miezi mitatu, nami, niliyeona rangi tu bila maandishi, kila nikipita namsifu maua yake. Juzi nimeyasoma maneno: “MACHO UNAYO, HAYA HUNA.” Yanipasa nimjibu. Leso za kujibu zimejaa dukani, nguvu ndizo sina.

3. Kwenye arubaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wetu nilimtunza mkwe mwenzangu, Mbodze, doti ya leso. Niliichagua kwa rangi, maana niliona haya kumwomba mtu anisomee, mimi niliyewasomea watu leso miaka thelathini. Kiburi hicho hicho ndicho kilichonifanya nifiche uvimbe wa titi mwaka mzima. Mbodze akaikunjua mbele ya watu. Mimi nikapiga vigelegele peke yangu. Sasa nimeiona dukani nyingine kama ile, imeandikwa: “UMEKUJA KULA, KAZI HUIJUI.” Hajanisemesha hadi leo. Kipofu ana udhuru. Mimi sasa sina.

4. Hili ndilo zito. Mwanangu Raghad huniambia kila siku kwamba naendelea vizuri. Nilipokuwa sioni niliiamini sauti yake. Sasa naona macho yamemvimba kwa kulia. Daktari, naogopa.

Kwa hiyo nimekata shauri: vidonge naacha, na kliniki ya Jumatatu siji, mpaka kiza changu kirudi.

Nisalimie wauguzi, mafundi wa mashine, mlinzi wa getini, na wagonjwa wenzangu wote wa Jumatatu.

Ni mimi mwenye kinyongo,
Bi Sheikha

Baada ya kutia sahihi: Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumwomba Raghad. Vidonge nilimeza kabla ya kushika kalamu. Jumatatu nitafika mapema, usimpe mtu nafasi yangu, kwani jioni nampelekea Mbodze leso nyingine. Hii nimeisoma mara tatu.