Waraka wa Njia Moja ya Dawa

Jumatatu, saa nne kamili za asubuhi, wananchi wa Unguja walitangaziwa kwamba miili yao imepatiwa utaratibu. Aliyewatangazia ni Bwana Mbarouk Haitham, Mkurugenzi mpya wa Uratibu wa Njia za Dawa, katika ukumbi wa hoteli moja ya Shangani. Bwana Mbarouk hakusomea utabibu. Miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa idara ya barabara, na wakubwa walipoona cheo kipya kina neno "njia" ndani yake, hawakuona haja ya kumtafuta mwengine.

"Nimefanya ulinganisho," alisema, picha ya mwili wa binadamu ikiwaka ukutani nyuma yake. "Dawa ya kumeza ina adabu. Inaripoti tumboni, inapita utumboni, inakaguliwa na ini, kila mmoja anachukua chake, na kinachobaki ndicho kinachomfikia mgonjwa. Hiyo ndiyo serikali! Sasa hii ya mshipani inaingia kwenye damu moja kwa moja, haijakaguliwa na mtu. Ya chini ya ulimi nayo inajipenyeza. Na ile nyengine..." Akashusha sauti kwa kuwastahi akina mama. "Ile nyengine inapita mlango wa nyuma. Na msimamo wetu kuhusu mlango wa nyuma unajulikana."

Ukumbi ukapiga makofi. Waraka ukatoka: dawa zote zimezwe. Anayetaka njia nyengine aombe kibali siku saba za kazi kabla ya kuugua. Sindano zikakusanywa vituoni, zikafungiwa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo akakabidhiwa Naibu wake.

Jumatano waraka ukapata mkosaji wake wa mwanzo. Ulfat, tabibu wa kituo kidogo cha afya katika vichochoro vya Mji Mkongwe, alikuwa amebakisha sindano moja, akamdunga Bi Sichana, bibi wa Uroa aliyeletwa mjini anatapika. Mkurugenzi akamwita.

"Nilimpa vidonge mara tatu, bwana," Ulfat alieleza. "Vyote vilirudi."

"Vilirudi kwa idhini ya nani?"

"Alivitapika."

"Ungempa mara ya nne. Mambo ya serikali yanataka subira."

"Alikuwa keshakauka, mkojo hapati. Ningesubiri, leo tungekuwa mazikoni."

Bwana Mbarouk alilitafakari hilo, akaona mazishi yako chini ya idara nyengine. Akampa barua ya onyo. Ya pili, alimfahamisha kwa upole, ingekuwa ya kumwachisha kazi. Ulfat, anayesomesha watoto watatu kwa mshahara ule ule, alisaini kupokea. Mkurugenzi akajisikia vizuri, kama siku aliyofanikiwa kufunga barabara nzima.

Wiki iliyofuata, akiwa anatembea kwa miguu kukagua vituo, maumivu yalimkamata ubavuni, yakashuka kinenani, yakamkalisha chini mbele za watu. Kichochoro kile hakipiti gari. Wauza kahawa wawili walimbeba mabega na miguu mpaka mlango wa karibu, na mlango wa karibu, kwa mipango ya Mungu, ulikuwa wa Ulfat. Kwenye benchi alikaa Bi Sichana, aliyerudi kuangaliwa hali.

"Shikamoo, bibi," Mkurugenzi aliguna.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Na wewe unavirudisha?"

Ulfat alimpima, akapima na mkojo. "Ni jiwe la figo, bwana. Meza hivi."

Alimeza kwa heshima zote za waraka. Vidonge vikarudi juu ya viatu vyake.

"Sindano!" alilia.

"Ziko kabatini kwako."

"Mwiteni Naibu na ufunguo!"

"Naibu yuko Paje, semina."

"Semina ya nini tena?"

"Ya waraka wako."

Bwana Mbarouk alilazwa kitandani, akauma mto. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, alitamani dawa isiyokaguliwa na mtu.

"Kuna dawa moja imebaki kwenye friji," Ulfat alisema. "Wakaguzi wako hawakufungua friji. Inatuliza maumivu, na haipiti mdomoni." Akaeleza inapopita.

Mkurugenzi akakaza mkanda wa suruali. Jiwe likasogea. Akasema, "Weka."

"Nina barua moja ya onyo, bwana."

"Naifuta! Naufuta na waraka! Nipe karatasi!"

Ulfat alikuwa keshavaa glovu. "Ningekupa tu, hata usipoandika," alisema. "Lakini andika."

Akaandika. Na kwa kuwa miaka kumi na tisa ya utumishi haimtoki mtu kwa maumivu ya saa moja, aliandika kwa utaratibu kamili: tarehe, saa, mahali, hali ya mwandishi, sababu. Bi Sichana akaweka saini ya shahidi. Nusu saa baadaye Mkurugenzi alikuwa amekaa, jasho limemkauka, anaomba chai.

Kesho yake aliwaita waandishi wa habari ukumbini Shangani. Aliwaambia waraka umefutwa kufuatia utafiti wa kina. Kila njia, alisema, ina mgonjwa wake na wakati wake, na ajuaye ni tabibu. Sindano zinarudi vituoni leo hii. Ulfat, aliyekaa nyuma pamoja na Bi Sichana, aliinamisha kichwa akavuta pumzi ndefu. Kazi yake ilikuwa imepona.

Ulibaki utaratibu mmoja tu. Sheria inasema hati ya kufuta waraka isomwe hadharani, neno kwa neno, vyenginevyo ni batili. Karani Usi, kijana mtiifu ambaye haruki hata nukta, akakamata kipaza sauti.

"Mimi, Mbarouk Haitham, Mkurugenzi, nikiwa na akili zangu timamu, nimelala kwa ubavu wa kushoto, suruali ikiwa magotini..."

Kalamu za waandishi zikaanza mbio. Mkurugenzi aliinua mkono amzuie, akakumbuka sheria, akaushusha.

"Soma tena hapo kwenye suruali, mwanangu," Bi Sichana aliita. "Sisi wa nyuma hatukusikia."