Watoto wa Peru Walivyofika Sary-Koi

Wewe Jyldyz, huna aibu? Mtoto wa dada yangu mwenyewe, umeolewa huko Ujerumani ukatusahau kama kofia iliyosahaulika matangani. Mwanao amezaliwa, ameota meno, yameng'oka, na mimi simjui hata sauti! Umekosa mengi, na hili kubwa kuliko yote: Mkurugenzi Toktosun wa elimu alikuja shuleni kwetu hapa Sary-Koi kuzindua darasa la mtandao, ili Begaiym, mjukuu wangu, na wenzake wajifunze kuheshimu mila za watu kwa kuonana na watoto wa Peru. Begaiym hakulala kwa furaha. Alikuwa na swali lake moja. Sasa tulia nikupe hotuba yote, sikuacha kitu.

“Waheshimiwa wazee wenye kofia nyeupe, waheshimiwa kina mama wenye vilemba, waheshimiwa wadau wa maendeleo, mheshimiwa naibu wangu, mheshimiwa dereva wangu, nami mwenyewe ambaye itifaki inanilazimu kujitaja: habari za asubuhi! (Ilikuwa alasiri. Tukaitikia hivyo hivyo.)

“Ndugu zangu, kwa kuzingatia mkakati jumuishi wa kuheshimiana kidijitali, ambao niliubuni mimi, nikaupitisha mimi na kujipongeza mimi kwa niaba yenu, leo heshima ya watoto wa Sary-Koi imepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili za ziada tutazigawia vijiji vyenye upungufu. (Makofi. Burulai, jirani yangu, akaninong'oneza: ‘Shoga, heshima inapimwa kwa mizani gani?’ Nikamwambia: ‘Ile ya kupimia sufi. Nyamaza.’)

“Tazameni skrini! Hao ni wenzenu wa Peru, watu wa milimani kama sisi, wamevaa kofia zao za sufi, wanawapungia mikono moja kwa moja kutoka ng'ambo ya bahari. (Mtoto mmoja akakohoa. Kikohozi tukakisikia ukutani, kisha ndipo tukaona mdomo ukifunguka kwenye skrini. Mzee Sagyn akauliza: ‘Mkurugenzi, mbona Peru iko chumba cha pili?’) Swali zuri, mzee wangu. Hiyo ndiyo kasi ya mtandao wetu: sauti inawahi kuliko picha. Nchi zilizoendelea bado hazijafika hapo. (Makofi machache.)

“Naona binti amenyoosha mkono. Sema, mwanangu. (Begaiym akasimama, masikio mekundu. Akasema: ‘Kwenu mtu mzima akiingia, mnamtazama usoni au mnainamisha macho? Nauliza nisije nikawakosea.’ Watoto wa Peru wakatazamana.) Maswali yatajibiwa katika awamu ya pili ya mchakato. Keti. Kabla sijaendelea kujisifu, namwomba bibi yetu atubarikie mradi.

(Hapo nikainuka mimi. Nikavunja mkate, nikainua viganja, nikawaombea watoto wote, wa huku na wa huko, wakue wakiwa na adabu na matumbo yaliyoshiba. Jyldyz, Mungu anaona! Watoto wote wa Peru wakainua viganja vyao kwenye skrini, wakajipangusa nyuso kutoka juu hadi kidevuni, wakasema ‘Omin’, amina yetu ya hapa, kwa sauti moja. Na ukuta nao ukasema ‘Omin’. Burulai akapiga kelele: ‘Yule wa mbele si mtoto wa Japar, kijiji cha juu? Mama yake nilimzalisha mimi mwenyewe!’)

“Mmeona, ndugu zangu? Mmeona! Somo la kwanza halijaanza, na Peru tayari wameshika mila yetu! Kwa hiyo semeni nami: Heshima mtandaoni! (‘Juu!’ alisema dereva wake.) Skrini moja, dunia moja! (‘Juu!’ alisema dereva wake.)

“Mwisho, shukrani. Namshukuru mwalimu mkuu wa kijiji cha juu kwa kutuazima darasa lake la nne, ambalo limekaa chumba cha pili kwa utulivu wa kimataifa. Nawashukuru kina mama waliofuma kofia. Naishukuru kampuni ya mtandao, ambayo waya wake utafika Sary-Koi pindi itakapopatikana kampuni. Na nawashukuru kwa dhati watoto wa Peru, ambao tutaanza kuwatafuta mradi ukishaidhinishwa. Asanteni kwa kunisikiliza.”

Hakuna aliyepiga makofi, hata dereva. Begaiym akasimama tena bila kuitwa.

“Kwa hiyo, mheshimiwa, huko Peru hawajui kama sisi tupo?”

“Bado hawajajulishwa rasmi, mwanangu.”

Begaiym hakulia. Amenuna tu, na tangu siku ile ananiuliza mimi lile swali, nami najua nini cha Peru? Sijawahi kwenda hata mjini.

Basi sikiliza, Jyldyz. Ukija, na uje kabla ya theluji, mlete huyo mwanao. Na usimfundishe chochote njiani! Wala salamu, wala namna ya kuketi, wala mkate unashikwaje. Mwache aingie hivyo alivyo, atukosee hapa hapa, na sisi tumkosee. Begaiym atakuwa mlangoni na swali lake.