Marehemu wa Sura ya Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Ziwa hili limetoa samaki wengi na mwandishi mmoja. Mwandishi ni mimi, Wechuli. Niliacha shule kidato cha pili, au shule iliniacha, hatukuelewana vizuri, na leo kitabu changu kimeingia kwenye mashine. Kinaitwa Chapa Mwenyewe, Usimwombe Mtu. Ushauri kwa kila mtu wa Kisumu anayetaka kujichapishia kitabu na hajui pa kuanzia. Maskini! Walikuwa wakinisubiri.

Winny anajifanya yuko mbele yangu. Anauza vitabu vyake vya hadithi za watoto karibu na steji ya mabasi, amevipanga juu ya gunia, na ana wateja. Bahati tu. Ameniuliza nimeshachapisha vingapi mpaka nifundishe wenzangu. Nikamwambia hiki ndicho cha kwanza. Alicheka mpaka akakalia mali yake mwenyewe. Halafu akanishauri nimpe mtu asome kabla ya kuchapa, hata mmoja, tena awe mtu anayenijua vizuri.

Wivu! Ukimpa mtu asome kabla, anakuibia wazo. Nimeandika hivyo sura ya tatu.

 

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita kwa Oduor, mchapaji wangu. Yuko bize sana. Kazi yake kubwa ni programu za mazishi, zile zenye picha ya marehemu, historia yake na ratiba ya ibada. Watu wa huku hawazikwi kimyakimya. Wanazikwa kwa rangi. Ndiyo maana nilimchagua. Mazishi hayangoji, kwa hivyo mtu huyo amezoea presha. Waandishi wengine hawafikirii mbali hivi.

Amesema sura ya kwanza imemgusa. Mchapaji kuguswa! Hiyo ndiyo sura moto, yenye maisha yangu. Niseme ukweli hapa, maana hii shajara haina msomaji. Kila mhamasishaji niliyewahi kumsikiliza ana mtu aliyekufa. Bila maiti hakuna machozi, na bila machozi hakuna anayefungua mkoba. Sasa mimi sina. Baba yuko Sondu na mke mwingine, amenenepa. Mama yuko Port Victoria anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na ana afya kunishinda. Ningefanyaje?

Nikamzika Mama ukurasa wa pili. Kwa heshima kabisa. Mle kitabuni mimi ni yatima niliyejilea mwenyewe kwa kuokota vichwa vya samaki wa mbuta.

Haina shida. Port Victoria nani anasoma vitabu vya Kisumu?

Jumatano, 6 Agosti

Wueh!

Dada yangu Bridget amepiga simu kutoka nyumbani. Mama ameona tangazo langu la uzinduzi wa kitabu. Nililiweka mwenyewe kwenye simu, na picha yangu nimeshika kidevu. Ati anakuja Jumapili. Ati haji peke yake, anakuja na kwaya nzima ya akina mama. Wameshona vitenge vya kufanana. Soko lote la omena sasa linamwita Mama Mwandishi, na akiitwa jina lake la kawaida haitiki.

Nikamwambia Bridget kwamba uzinduzi umeahirishwa. Nikamsikia akimwambia Mama. Nikamsikia Mama akijibu kwa nyuma, kwa ile sauti yake ya kuita mitumbwi, kwamba basi watakuja kunifariji.

Nikasema ukumbi wa kanisa ni mdogo. Mama akasema wataimba wamesimama nje.

Nikasema kuna kipindupindu huku mtaani Nyalenda. Bridget akaniuliza kama nimekula.

Kibaya zaidi: macho ya Mama hayaoni tena herufi ndogo, kwa hivyo Bridget ameahidi kumsomea kitabu chote, neno kwa neno, ndani ya basi wakirudi nyumbani. Mama ameshachagua pa kukaa. Kiti cha mbele, ili na dereva asikie.

Alhamisi, 7 Agosti

Vitabu vimetoka. Vizuri! Vinang'aa! Furaha ilinipeleka mbio hadi kwa Winny. Nikamtupia nakala moja juu ya gunia lake na kumwambia asome ajue wanaume wanaandikaje. Nikaondoka bila kugeuka. Mambo ya kishujaa.

Nilipofika nyumbani kwangu ndipo nikafungua moja.

Ukurasa wa pili. Mama! Picha yake ndani ya duara, mawingu nyuma, njiwa wawili juu, mshumaa huku na mshumaa huku. Chini yake: Pumzika kwa Amani Mama Mpendwa.

Nikarudi kwa Oduor jasho likinitoka hadi kwenye viatu. Nilikuwa nimempa picha niliyopigwa na Mama pale ufukweni, na nikamwambia amkate, anibakize mimi kwa jalada la nyuma. Kumkata alimkata. Lakini akasema, "Omera, ndugu yangu, picha ya mtu haitupwi." Akaona humo ndani kuna marehemu hana picha, na huyu hapa mama hana kazi. Akaniwekea bure kwa sababu nimefiwa. Njiwa pia bure.

Nikamwambia mama mwenyewe yuko hai. Oduor akanitazama. Mkono wake ukaacha kipanya. Akaniuliza polepole ni mtoto wa namna gani anayeandika mama yake amekufa naye anapumua. Nikajibu hayo ni mambo ya fasihi, yeye hawezi kuelewa. Nikalalamikia kazi yake. Akasema wateja wake hawajawahi kulalamika hata mmoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijalala vizuri. Lakini akili yangu haijawahi kunitupa. Mpango: kung'oa karatasi hiyo kwenye kila nakala.

Nimeng'oa ya kwanza. Kumbe Oduor anabana vitabu kama programu, kwa pini mbili katikati. Ukichomoa karatasi ya mbele, mwenzake wa nyuma anatoka pia. Na ya nyuma ndiyo yenye namba yangu ya simu na maneno ya kuagiza vitabu zaidi. Nipoteze Mama au nipoteze biashara?

Nimefikiria sana. Nimeamua kubakiza vyote viwili na kugundisha kurasa. Gundi ya dukani haitoshi vitabu vyote, kwa hivyo nimepika uji mzito wa unga wa ngano. Bibi yangu, mzaa Baba, alikuwa akigundisha magazeti ukutani kwa uji huo, na ukuta ulianguka kabla ya magazeti. Ukurasa wa pili umeubusu wa tatu, njiwa wakiwa ndani. Msomaji atadhani ni kosa la mashine. Mtu haulizi kosa la mashine, anavumilia.

Huyo ndiye Wechuli! Nimepaka nakala zote mpaka kiganja kikawa chapati.

Jumamosi, 9 Agosti

Sisimizi. Nchi nzima ya sisimizi. Walipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye vitabu, na wao angalau walitaka kufungua sura ya kwanza. Nimewapuliza, nimewafuta, nimewaomba. Nakala nyingine zimegandamana zote, mwanzo hadi mwisho, zimekuwa kama sabuni ya kipande. Nimezipanga chini kabisa.

Halafu nikakumbuka. Winny! Nakala yake haina uji!

Nikakimbia steji. Nilijipanga nimwambie ile ilikuwa ya majaribio, nimletee safi. Kabla sijafungua mdomo, Winny akainuka kwenye gunia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakucheka. Akasema pole, ndugu yangu. Hakujua nimefiwa. Akasema wiki yote amekuwa akinitania na kumbe nabeba msiba. Akasema mama alikuwa na uso mzuri.

Nikasema asante.

Sasa ningesema nini? Mtu akikupa pole kwa moyo namna hiyo, huwezi kumrudishia kama chenji. Nikaomba kitabu. Akasema hapana, hajamaliza, na kesho atakuja nacho kanisani nikiwekee sahihi. Ameahidi kukaa mbele ili nione kuna mtu upande wangu.

Mbele! Mama mbele, Winny mbele. Nimekunywa uji uliobaki. Ulikuwa na sisimizi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa bado na shati la uzinduzi. 

Walikuja. Vitenge vya samawati, kwaya nzima. Mama katikati ameinua shingo kama bata mzinga. Alinikumbatia akinuka omena na mafuta ya nazi, akawaambia wenzake waniangalie vizuri, kichwa hiki alikitoa yeye. Pasta akaomba. Nikahutubia. Nilikuwa moto. Nikawaambia anayetaka kujichapishia asingoje mtu, asiogope, ajiamini. Watu wakapiga makofi. Nikaanza kufikiri Mungu ni mwandishi mwenzangu.

Mama akapewa nakala ya kwanza. Akampa Bridget aanze kusoma hapohapo, mbele ya kanisa. Bridget akavuta. Akavuta tena. Akatia ukucha. Nikasema kwa sauti, kosa la mashine, mvumilie, aendelee na sura ya pili.

Ndipo Winny, aliyeketi kiti cha pili, akainama kwa adabu zote na kusema, "Mama, hicho hakifunguki. Chukua changu."

Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Mlango ulikuwa na kwaya.

Bridget alianza kusoma kwa sauti kubwa kabla macho yake hayajamwambia anasoma nini. Alipofika pale "mama yangu aliponiacha duniani" akakauka. Lakini mama mmoja wa kwaya, aliyesimama begani mwa Bridget, alikuwa ameshaona ile picha, mishumaa na njiwa, na kabla akili haijafika kinywa kikafika. Akapiga ukemi! Mwingine akadaka wimbo wa mazishi. Na wimbo wa mazishi ukishaanza kwetu hauachwi katikati, ni mkosi. Wakaimba beti zote wakimtazama marehemu, na marehemu akawashikia sauti ya pili.

Wimbo ulipokwisha Winny alinitazama, akamtazama Mama, akatazama picha. Akaketi polepole sana.

Mama akasimama. Akaomba kitabu. Akakiweka karibu na pua, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kupigwa picha nzuri hivi, na mchapaji aitunze, siku ikifika asihangaike. Akasema mtu akitangazwa amekufa mapema, anaishi mpaka watu wamchoke. Halafu akacheka! Kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Pasta alishika mimbari.

Na vitabu vikaisha. Vyote, hata vile vya kipande cha sabuni! Kila mtu alitaka kitabu chenye marehemu, kisha apige picha naye akiwa hai. Walibandua kurasa kwa maji na kucha, wakapanga foleni kutiwa sahihi. Si yangu. Ya Mama. Alikuwa akichora herufi za jina lake pembeni mwa mishumaa, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Winny alipita mbele yangu, akachukua mwavuli wake, akaondoka. Wivu, nadhani.

Jumatatu, 11 Agosti

Ushindi! Nakala zote zimeisha na jina langu liko kila mdomo wa Nyalenda. Anayesema sikufaulu aje tuhesabu vitabu vilivyobaki, hakuna. Kwa hivyo maandalizi ya toleo la pili yameanza. Nimeshamwambia Oduor aongeze njiwa. Sura mpya itafundisha waandishi jinsi ya kuleta marehemu wao kwenye uzinduzi. Safari hii nitamzika Baba, kule Sondu hawana kwaya. Sitampa mtu asome kabla. Nimeona faida yake kwa macho yangu.

Kila kitu kilienda vizuri, kasoro kimoja, na nitakiandika hapa kisha nifunge.

Asubuhi niliwasindikiza steji. Kwaya ilipanda, Bridget akapanda, Mama akabaki chini na ile nakala ya Winny kwapani. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, nimezoea. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama siku ile aliyokufa mle kitabuni nililia.

Nikasema nililia sana, Mama. Siku nyingi.

Akafungua kitabu, akanipa, akaniomba nimsomee hapo.

Nilitafuta. Niligeuza mbele, nikageuza nyuma, utingo akipiga bodi ya basi. Nakijua kitabu changu. Kuna mstari mmoja tu: "Sikulia, kwa maana mshindi hana muda." Mama alisubiri mpaka wenzake wakamwita jina, akachukua kitabu chake taratibu, akapanda.

Hawakumwita Mama Mwandishi. Walimwita jina lake la kawaida, na akaitika.