Queen Anatafuta Mazabodi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimefungwa tano kwa moja na Uweso, mwenzangu wa barazani, kwenye gemu ya mpira. Kwa kompyuta yake, sebuleni kwake, huku spika zake zikishangilia kila bao kama fainali. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mashine yake inampendelea mwenyewe. Uweso akasema basi mechi ijayo ichezwe kwangu, kwenye ile kompyuta ya gemu ninayoiunda tangu Ramadhani. Nikakubali. Jumamosi baada ya alasiri. Nimekubali mbele ya baraza zima.

Nimerudi nyumbani nikapanga vifaa kitandani. Kasha lipo. Kadi ya picha ipo. Ramu mbili, vile vibao vya kumbukumbu, zipo. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wenyewe, ipo. Kaniletea binamu yangu Hafidh kutoka Wete. Mazabodi haipo. Yaani ule ubao mkuu ambao vyote hivi hukaa juu yake. Nina viungo vyote, sina uti wa mgongo.

Mke wangu Semeni akaacha cherehani yake, akatazama kitanda, akauliza sisi tutalala wapi. Kisha akauliza kwa nini nisimwone Sabra, fundi kompyuta wa Barabara ya Nane. Ni hatua mia mbili kutoka hapa.

Siwezi. Mwaka jana Sabra alipofungua duka nilisema barazani kwamba siku atakayopigwa shoti atafunga, akachome vitumbua. Watu walicheka. Maneno yakamfikia kabla kahawa haijapoa. Tangu siku hiyo nikienda sokoni nazungukia Barabara ya Kumi.

Semeni akasema basi kamwombe radhi. Nikasema nimechoka. Ilikuwa kweli.

Jumanne, 9 Septemba

Mapumziko ya saa nne nimetoka ofisini nikaenda kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Muuzaji kanipangia mazabodi kumi na mbili mezani. Zote za kijani au nyeusi, zote na vumbi. Akauliza nataka soketi gani, kile kiti inachokalia prosesa. Nikasema nzuri. Akauliza tena, safari hii polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Nikasema nimesahau kitu ofisini.

Nimekaa mezani, mimi karani wa shule mwenye miaka kumi na tisa kazini, nikafikiri. Anayejua ni Sabra. Anayetakiwa kutomuuliza ni mimi. Basi amuulize mtu mwingine.

Nikatoa ile laini yangu ya zamani ya enzi nilipokuwa nikifanya kazi Muheza, nikaitia kwenye simu ya akiba. Nikaweka picha ya waridi. Jina nikaweka Queen. Nikamwandikia Sabra kwamba mimi ni mama wa nyumbani wa Pangani, napenda gemu, mume wangu ni mtu mwema na mwenye akili nyingi lakini hana nafasi.

Akajibu papo hapo. Akaniita shoga. Akasema amefurahi sana kupata mwanamke mwenzake anayeunda mashine mwenyewe. Nikajisikia vibaya kidogo, kisha ikapita.

Akaomba picha ya prosesa. Nilikuwa nayo mfukoni, nikaiweka mezani nikapiga, nikatuma. Akanitajia namba ya soketi. Rahisi kabisa. Akauliza ramu zangu ni kizazi cha nne au cha tano, kwani mazabodi ya hiki haipokei ramu za kile. Sikujua. Ramu zilikuwa nyumbani. Lakini mtu asiyejua ramu zake mwenyewe angetiliwa shaka. Nikajibu cha tano. Tano ni kubwa kuliko nne.

Mwisho akaandika: shoga, usinunue kitu mpaka niione hiyo ramu kwa macho, niletee dukani.

Queen hawezi kwenda dukani. Nimemwandikia kwamba nina mafua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimenunua mazabodi. Soketi ndiyo ile ile, kizazi cha tano, muuzaji akanitazama kwa heshima. Nyeusi tii, na maandishi ya fedha. Nimeibeba kwa mikono miwili Ngamiani nzima kama sinia la harusi. Nilipofika mbele ya baraza nikapunguza mwendo. Uweso akauliza kama hiyo ni redio.

Prosesa imekaa. Nimeiweka tu, ikakaa, kimya, kama imerudi kwao. Nimemwita Semeni aje aone. Akaja na pini mdomoni, akatikisa kichwa, akarudi kwenye sare za watu.

Ramu haikukaa.

Kila ramu ina pengo dogo, na kwenye mazabodi kuna kijino cha kuingia kwenye pengo hilo. Vimepishana kwa upana wa punje ya mchele. Nimesoma kibandiko: kizazi cha nne.

Punje moja ya mchele. Nikamfikiria Uweso. Nikachukua tupa ninayonolea visu, nikaanza kulisogeza lile pengo. Nilifanya kazi kwa uangalifu mkubwa kwa muda wa nusu saa, nikiondoa vile vipande vya dhahabu vya ukingoni kimoja kimoja. Ramu ikaingia. Pamoja na hayo, mazabodi haikuwaka, na ramu sasa inanuka.

Imebaki ramu moja. Semeni kaificha tupa.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbaya. Naiandika kwa mpangilio ilivyotokea.

Nilikuwa naoga. Ile simu ya akiba ililia kabatini, chini ya kanzu zangu. Semeni hakujua kama nina simu ya pili. Akaichukua, akaona waridi, akaona jina la Queen. Akasoma. Ujumbe mpya wa Sabra ulisema: shoga, njoo leo nakusubiri, wala usimwambie mumeo, wanaume watakuharibia. Juu yake akakuta maneno ya huyo Queen kuhusu mumewe, mtu mwema asiye na nafasi.

Nilipotoka, taulo kiunoni, Semeni alikuwa ameketi kitandani kati ya kasha na kadi ya picha. Akauliza Queen ni nani.

Hapo ndipo ningesema ni mimi. Neno lilikuwa ulimini. Lakini mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, mwenye taulo, kusema yeye ni Queen, ni jambo zito. Nikasema ni mtu wa kazini.

Semeni akauliza, "Simu ya mke wa mtu inafanya nini chini ya kanzu zako?"

Nikakaza taulo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akamalizia sare mbili zilizokuwa zikisubiriwa, akazikunja, akampelekea mwenye nazo. Akarudi akafunga mkoba. Saa nane alikuwa ameshaondoka, kwa mama yake Kigombe. Chai yangu ameiacha mezani, imefunikwa kisahani. Hata katika hali ile aliifunika.

Sikuinywa. Nimeitazama tu mpaka ikafanya utando.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimepanda basi la Pangani, nikashuka Kigombe. Mama mkwe wangu, Bi Rahila, alikuwa uani anaparua samaki. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kunikunjulia uso. Akanipa wali na mchuzi wa nguru, akaniangalia nikila mpaka punje ya mwisho. Sijawahi kula chakula kitamu kwa shida namna ile.

Semeni akatoka. Macho yamevimba. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilisahau kabisa habari ya Uweso. Nikasema yote: Queen ni mimi, waridi ni mimi, mafua ni uongo, natafuta mazabodi tu.

Bi Rahila akaacha kisu. Akauliza mazabodi ni mwanamke gani tena huyo.

Nilieleza robo saa. Nikachora mchangani. Mama mkwe alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, akauliza kwa nini sikumpelekea fundi ramu akaitazama. Sikumjibu, kwa adabu.

Semeni akasema hawezi kuamini kinywa ambacho jana kilisema ni mtu wa kazini. Sabra akimwambia kwa kinywa chake kwamba hakuna Queen, atarudi. Nikaomba yeyote mwingine. Imamu, mjumbe, hata Uweso. Akasema Sabra.

Nimerudi peke yangu. Nyumba ina sauti nyingi ambazo siku zote nilidhani ni za cherehani.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi nimeipita Barabara ya Nane mara tatu. Mara ya nne nikaingia, kasha na vifaa vyote mikononi. Sabra alikuwa ameinamia kompyuta ya mtu, miwani puani.

"Karibu, Queen," akasema, bila kuinua kichwa.

Alijua tangu Jumanne. Prosesa nilikuwa nimeipiga picha juu ya fomu yangu ya kuomba likizo. Jina langu, saini yangu, muhuri wa shule. Nikamuuliza kwa nini basi alinijibu. Akasema alitaka kuhesabu itanichukua siku ngapi kuja mwenyewe.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, njia nzima nimeyarudia. Nikafungua kinywa, nikamsifia feni yake.

Sabra akavua miwani. "Tulipokuwa chuo cha ufundi, wewe ndiye uliyenionyesha kulehemu," akasema. "Darasa zima lilinicheka, wewe hukucheka. Ndiyo maana yale ya barazani yaliniuma. Yangetoka kwa mwingine nisingejali."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu niliwahi kumfundisha kitu. Nikasema samahani. Lilitoka kavu, kama kutema kokwa, lakini lilitoka. Akasema limefika.

Akampigia Semeni. Akamweleza yote, na hakuniremba hata kidogo. Kisha nikasikia mke wangu anacheka, na nyuma yake Bi Rahila anauliza amesemaje, amesemaje. Wakacheka muda mrefu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikawasubiri wamalize.

Sabra akachukua ile mazabodi nyeusi, akanibadilishia na nyingine ya soketi ile ile, ya kizazi cha nne. Ndogo, ya kijani, haina hata herufi moja ya fedha. Ramu iliyosalia ikaingia kwa kubofya mara moja. Tik. Kompyuta ikawaka. Dakika kumi na mbili, pamoja na kufuta vumbi.

Uweso alikuja baada ya alasiri na watu sita. Mashine ilikwenda kama maji. Nimefungwa saba bila. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Naandika hapa tu, kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Semeni amerudi na basi la kwanza, na samaki wa kukaanga kutoka kwa mama yake. Ameniita Queen mara nne kabla ya saa sita mchana. Nastahili. Nimemsaidia kutoa vifaa kitandani, na mchana tumekula pamoja, na nimekuwa mtu mwingine kabisa. Mtulivu. Msikivu.

Amesema sare za muhula mpya zimekuwa nyingi, miguu inamuuma, anataka kuifungia cherehani mota ya umeme. Akaniomba nimpitie fundi cherehani, Ayubu, hapo nyuma ya msikiti, achague ya kufaa. Akanieleza mkanda uwe wa urefu gani, nguvu kiasi gani, na ifungwe upande gani. Nikaitikia kwa kichwa kila neno.

Sasa niko dukani. Si kwa Ayubu. Ayubu niliwahi kumwambia jambo kuhusu kazi yake. Mimi silikumbuki, yeye analikumbuka. Ziko mota za kufungwa kulia na za kufungwa kushoto, na pale kwenye upande sikumsikia Semeni vizuri. Kumpigia simu kwa jambo dogo hivi, siku aliyorudi, haitapendeza.

Nimechukua ya kulia. Watu wengi hutumia mkono wa kulia.