Kura Mia Mbili za Ndoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimekabidhiwa vyumba. Kongamano la teknolojia ni Jumamosi. Kila saa mada mbili zinakwenda pamoja, moja ukumbi mkubwa, nyingine chumba cha nne, chenye viti thelathini na feni inayozunguka ikijisikia. Bosi kasema nisipange kwa kukisia. Watu wapewe orodha mtandaoni, wachague wanachotaka kusikiliza. Penye wengi, ukumbi mkubwa.

Mimi mwenyewe nina mada: “Je, Kompyuta Huota?” Jioni nilisimama peke yangu kwenye jukwaa la ukumbi mkubwa. Viti mia tano, vyote vimenielekea. Mwanga wa dirishani umelala juu yake kama mtu aliyechoka. Nikasikia makofi. Ilikuwa mvua kwenye mabati.

Jumanne, 5 Machi

Matokeo ya kwanza. Saa yangu napambana na muuguzi mmoja wa zahanati, mwenye kengele ya jokofu la chanjo: umeme ukikatika, inatuma ujumbe kwenye simu. Kura mia moja na sitini. Mimi tatu. Moja yangu, moja ya mke wangu. Ya tatu simjui mwenyewe, ila nampenda.

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kikokotoo maana hata salamu huijibu kwa asilimia, alinipa pole. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Akasema kwa mwendo huu kibaba changu kitajaa nikiwa nimestaafu. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Kikaoni wenzangu wakizungumzia vipaza sauti, mimi nikitazama wingu moja lenye umbo la kichwa cha mwanamke. Ndipo nikaikumbuka saluni ya shangazi. Wateja kutwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, simu mkononi, hawana la kufanya.

Nilifika kabla ya saa sita. Shangazi aliuliza wanachagua nini. Nikasema ndoto. Nilikusudia kuongeza neno kompyuta, lakini mashine zilikuwa zinavuma. Akapita kiti hadi kiti, kisha akawapigia hata wateja wa mwezi uliopita.

Mke wangu kaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu hakuna uongo hapa. Kila kura ina kichwa chake, tena kilichosukwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kura mia mbili na kumi na moja. Kikokotoo akagundua kwamba nyingi zimetoka mahali pamoja. Nikamweleza Bosi kuwa pale ni kituo ambapo vichwa hushughulikiwa kutwa. Bosi akaandika “kituo cha vichwa” daftarini, akapigia mstari. Ukumbi mkubwa ni wangu.

Mchana muuguzi alikuja ofisini. Mama mtu mzima, bado na sare, viatu vina vumbi. Alieleza kwamba mwaka jana umeme ulikatika Jumapili, zahanati imefungwa, dozi mia tatu zikaharibika. Jumatatu akawarudisha kina mama na watoto wao mgongoni. Ndipo akakaa na fundi redio hadi wakaitengeneza hiyo kengele. Wenzake wa zahanati za mbali wako njiani kuja kujifunza. Akauliza kama ningeweza kuangalia upya mpango wa vyumba.

Nikamwambia kura ni kura. Alinitazama kama anayenipima homa.

“Sawa, mwanangu,” alisema. “Waliozoea foleni hawaogopi kusimama.”

Maneno hayo yalinikwama kama mwiba wa samaki. Nikanywa chai. Yakashuka kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne kamili, jukwaani, ndani ya suti ya shemeji. Viti mia tano. Watu tisa: mke wangu, shangazi, wateja wake sita, na mzee mmoja aliyesinzia.

Dakika ya tatu mama wa mstari wa mbele aliinua mkono. Akaeleza kwamba kila wiki huota meno yanamdondoka, nimweleze maana yake. Nikatazama picha zangu arobaini za kompyuta. Nikamtazama yeye. Nikamwambia meno ni maneno, kuna jambo hajamwambia mtu. Akafuta machozi, akasema ni kweli. Mwingine huota anaruka juu ya paa za majirani. Tukaendelea hivyo, kwa sauti za chini, zikielea juu ya viti vitupu kama manyoya. Dakika ya ishirini ndoto zikaisha.

Nikateremka. Korido ya chumba cha nne haipitiki. Watu sakafuni, watu kwenye ngazi. Kikokotoo kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahesabu: mia mbili tisini na sita. Mlango wa pale hujifunga wenyewe, na ukijifunga walio nje hawasikii kitu. Muuguzi aliniona, akaniomba niushike. Niliushika kwa mgongo mpaka mwisho. Kengele ilipojaribiwa, simu za wauguzi zikalia pamoja, chumbani hadi ngazini. Mmoja aliyekuwa karibu nami akasema taratibu kwamba laiti wangekuwa nayo mwaka jana. Nikatazama viatu vyangu.

Walipotawanyika nilimfuata muuguzi.

“Mama, kura zangu zilitoka saluni.”

“Najua,” alisema, akikunja waya wake. “Na mimi husukwa palepale.”

Jumatatu, 11 Machi

Bosi anataka barua ya kujieleza. Muuguzi atarudia mada yake wiki ijayo, ukumbi mkubwa. Vyumba kapewa Kikokotoo. Ni haki.

Asubuhi yote nimekaa dirishani nikijiuliza nilikosea wapi. Mawingu yakapita, moja baada ya jingine, na la mwisho likanifungua macho. Nilikosea chumba! Ukumbi mkubwa humeza watu. Chumba kidogo hufurika hadi ngazini.

Mwakani nitaomba stoo ya mafagio. Nimeshakwenda kuipima, inaingia viti saba. Nikafumba macho, nikaiona korido imejaa. Nimempigia shangazi alete wateja wanane.