Gundi Iliyokuja Ndotoni

Chupa alifika kijiweni akitweta, karatasi mkononi, akakuta Waziri ameshakamata gazeti. Waziri hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa tarishi wa wizara, akastaafu, lugha ya wakubwa ikagoma kustaafu naye.

"Wananchi, tulieni!" Waziri alinguruma. "'Serikali yafuta fedha za maabara ya gundi. Miaka kumi na minne, majaribio mia tatu na kumi na mbili, lililofaulu moja.' Moja! Hata kuku wangu yule mzembe, akiatamia mayai kumi huangua saba!"

"Hiyo si maabara, ni bweni," alidakia Spoki, mziba pancha, mwenye kibanda na benchi lenyewe walilokalia. Mikono yake ilikuwa ndani ya karai la maji, akizungusha tyubu ya baiskeli.

Chupa alikunjua karatasi yake. Chupa zote za maabara hiyo, kwa miaka yote hiyo, ameziosha yeye. Barua ya kuomba isifungwe ilitakiwa kwa mbunge kabla ya saa kumi, na sahihi kumi za watu wasiofanya kazi pale. Alikuwa nazo tisa. Ya tisa aliipata asubuhi kwa Dada Kahawa, muuza kahawa wa hapo kijiweni, aliyesaini bila hata kusoma, maana Chupa ndiye mteja pekee anayemrudishia kikombe kisafi kuliko alivyokipokea.

"Sahihi moja tu, ndugu zangu. Moja!"

"Subiri, kuna habari njema hapa chini," Waziri alimkata. "'Tajiri wa Gundi apewa tuzo ya ubunifu. Asema gundi ilimjia ndotoni, bila msaada wa mtu.' Huyo ndiye mwanamume! Analala maskini, anaamka na kiwanda."

Hapo damu ikamchemka Chupa. "Ndotoni? Alikuja kwetu mchana kweupe, akanakili jaribio la mia tatu na kumi na mbili kutoka kwenye daftari letu! Sawa, daftari ni la umma, ruhusa anayo. Lakini si aseme! Hiyo ndoto kaiota kwenye kiti changu, na chai nimempikia mimi. Tumechuma juani sisi, kivulini anakula yeye!"

Kijiwe kikaangua kicheko.

"Kwa hiyo mwenzenu kaota mara moja kapata," alisema Waziri, "nyinyi mmekesha mara mia tatu mmekosa. Bora serikali igharimie magodoro."

"Na hayo mengine yote yalikuwa ya nini?" Spoki aliuliza.

"Ya kujua jibu haliko wapi." Chupa alinyoosha kidole kwenye karai. "Wewe hapo unafanya nini?"

"Natafuta tundu."

"Umeshazungusha nusu nzima, povu hakuna. Nikuite mvivu? Mteja akunyang'anye tyubu yake?"

"Akininyang'anya sasa hivi mpumbavu ni yeye! Huko atakakoipeleka wataanza mwanzo."

"Ndiyo serikali hiyo! Na akitokea mjanja, akakuta umebakiza robo, akatumbukiza mkono wake, povu likatoka, akasema kaota?"

Spoki alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Lete kalamu. Watu hawana haya kabisa!" Akaandika majina yake yote matatu, akagandamiza na kidole cha grisi juu yake.

Chupa alikaribia kulia kwa furaha. "Mungu akupe umri, kaka. Na hutajuta, maana sasa tuko kwenye jambo kubwa zaidi. Gundi ya kumimina ndani ya tyubu mara moja tu. Msumari ukiingia, inajiziba yenyewe. Mtu hazibi pancha tena maisha yake yote!"

Dada Kahawa alisimamisha birika hewani.

"Mmefika jaribio la ngapi?" Spoki aliuliza polepole.

"La arobaini na nane, na gazeti halikuyahesabu hayo. Bado kidogo tu."

Spoki aliichukua barua kwa upole, akakata jina lake mistari mitatu.

"Chupa, ndugu yangu, nakupenda. Lakini nina watoto watano."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Chupa alichukua barua yake. Waziri akakunja gazeti, akajikohoza.

"Lete hapa hiyo kalamu."

"Wewe? Si ulisema magodoro?"

"Nilisema. Lakini Spoki namjua miaka ishirini, hajawahi kuogopa kitu kisichofanya kazi."