Laini ya Kamati kwa Jina Langu

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya Matibabu kwa Wote. Kura kumi na moja kwa kumi. Ya kumi na moja ni ya Hniya, mke wangu, ambaye macho yake yana ukungu na anadai alidhani anamnyooshea mkono Bushta. Bushta, mpinzani wangu, kinyozi mstaafu, kanuna hadi chai yake ikapoa. Kamati inataka laini ya simu. Nimeshikilia isajiliwe kwa jina langu. Nimesema, na katibu kaandika: mwenye simu ndiye mwenyekiti.

Alhamisi, 10 Oktoba
Napiga simu siku nzima. Asubuhi nawaita watu kwenye maandamano, mchana nawauliza kama nimewaita. Watu wanachanga vocha, mimi nazimaliza. Bi Zhor, katibu wetu, nesi wa zamani, kasema jirani hugongewa mlango. Nimemjibu kubisha hodi ni kazi ya waombaji.

Jumatatu, 4 Novemba
Hniya alikuwa apasuliwe mtoto wa jicho wiki ijayo. Leo hospitali imemrudisha. Bima yetu ya wasio na uwezo imefutwa.
Nimekwenda ofisi ya rejista, wanakopima kwa alama nani ni maskini. Karani kasema alama zetu zimepita mstari. Wanaangalia gesi, umeme, maji, simu. Anayetia vocha kama mimi hawezi kuwa maskini.
"Mzee, unafanya biashara gani?"
Nikamwambia napigania bima.
"Basi inakulipa."
Hniya hakunigombeza. Kachambua dengu kwa kupapasa. Nimetafuna mawe mawili, nikayameza.

Jumanne, 5 Novemba
Nina mpango. Laini aichukue Bushta. Alama zake zipande, zangu zishuke. Nimemwendea na komamanga, nikamwambia anastahili heshima.
"Wee Miludi, tangu lini unagawa heshima?"
Lakini kasaini upesi. Kidogo nimwonee huruma.

Ijumaa, 8 Novemba
Huruma nimeirudisha. Bushta aliwahi kunyoa wanajeshi miaka ishirini, bima yake inatoka jeshini. Vocha hazimgusi hata akipigia mwezini. Tena sasa ndiye mwenyekiti: Bi Zhor kanisomea maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye daftari, polepole, kama anamsomea mgonjwa dozi. Na karani kasema alama hazishuki hivihivi. Nikate rufaa, nisubiri miezi. Daktari kasema jicho halisubiri miezi.

Jumanne, 12 Novemba
Hniya kaenda rejista na wanawake thelathini, bila kunitaka ushauri. Nimefuata nyuma, kwa usalama wao. Wamekaa sakafuni, wamefungua mikate na zeituni, wamekula. Saa sita mkuu wa ofisi katoka mwenyewe. Bushta, aliyekuja nao kama mwenyekiti, kamwonyesha daftari la kamati: laini ilikuwa ya kamati, vocha za mtaa mzima. Mkuu kauliza mbona simu zilikuwa nyingi vile.
Hniya kasema, "Mwanangu, mume wangu anaongea sana. Huo si utajiri, ni ugonjwa, nao hauna bima."
Ofisi nzima imecheka. Hata mimi, ili nisijulikane. Mkuu kasahihisha alama palepale, na za nyumba nyingine sita zilizofutwa.
Itabidi nimshukuru Bushta. Nimepanga kufanya hivyo nikipata nafasi.

Jumatano, 20 Novemba
Bandeji imetolewa. Jicho moja tayari, la pili ni Januari. Hniya kaniangalia muda mrefu, kasema nimezeeka bila kumwarifu. Kisha kaangalia pazia lake kwa nusu saa. Nimekaa naye.

Ijumaa, 22 Novemba
Baada ya ushindi, kamati imepata chumba. Kina taa nne, jiko la umeme la chai ya wageni na jokofu la Bi Zhor. Mita ya umeme inahitaji jina la mtu. Bushta kakohoa, kaangalia dari. Bi Zhor kaniambia, "Mzee Miludi, wewe usithubutu." Hapo ndipo nilipojitolea. Mwenye mita huandikwa pia kwenye kibao cha mlangoni, nimeuliza kwanza.
Fundi kauliza kama nina hakika. Nimemwambia aandike jina langu kwa herufi kubwa. Hata kwa jicho moja, Hniya ataliona toka barabarani.